Haikuwa Salfa

"Sio salfa, Mjomba. Narudia, sio salfa, na sio kwamba nilikuwa namwaga maziwa."

Hiyo ilikuwa jana jioni, barazani kwetu. Mjomba Bakari alikuwa kwenye kiti cha plastiki, kofia kaivua kaiweka gotini, na yake alikuwa ameshayamaliza yote. Kwamba yeye anapuliza vanishi tangu mimi sijaota meno na mbona yuko mzima. Kwamba sisi watoto wa simu tukikohoa mara mbili tunakwenda kujitafutia ugonjwa mtandaoni. Kwamba kama nimepona, na yeye kwa macho yake anaona nimepona, basi nirudi karakana Jumatatu, kuna milango ya hoteli inaanza.

"Haya, kama sio salfa ni nini? Sema. Mama yako yuko hapo ndani anasikia."

Nikasema. Nilisema haraka haraka kama ninavyosema kila kitu, mpaka kifua kikabana nikaanza kukohoa, na yeye akaninyooshea kidole. "Unaona? Hapa kuna vanishi hapa? Kuna kompresa hapa?"

Mama akatoka na kikombe cha maji, akanipa, akarudi kuchambua mchele wake.

Naandika haya kwa sababu najua siko peke yangu. Kama wewe unapuliza vanishi au rangi ya makopo mawili, ile ya kuchanganya, au kama mwanao ndiye anayepuliza, soma mpaka mwisho. Ya kitaalamu siyajui, hayo waulize wenyewe. Mimi nitasema niliyopitia tu, na nimechoka, kwa hiyo nikirukaruka mnisamehe.

Kwanza mjue Mjomba ni nani. Ni kaka yake Mama, mkubwa wake. Kwetu mjomba ndiye mwenye watoto. Baba anaweza kuwepo, anaweza asiwepo, lakini mjomba akisema unasoma, unasoma. Yeye ndiye aliyenisomesha mpaka kidato cha nne. Matokeo yalipotoka sikuchaguliwa kuendelea, nikakaa nyumbani nanuna, mpaka siku moja akaja akaniambia, "Somoe, acha kuhesabu mabati. Njoo karakana." Nikaenda. Nilikwenda nikiwa nimefurahi, hilo siwezi kuficha.

Karakana yake inatengeneza milango na fremu za madirisha. Hapa Mtwara jua na chumvi havina huruma. Mlango unaoangalia bahari ukiupaka vanishi ya kawaida, mwaka hauishi umeshapauka na vanishi inabanduka kama ngozi ya mtu aliyeungua. Mjomba alipata vanishi ya kuzuia jua. Kopo kubwa ni vanishi, kopo dogo ni hadina, dawa ya kuigandisha, unachanganya, unapuliza kwa kompresa, ile mashine ya upepo. Ikikauka mlango unang'aa kama umemwagiwa maji sasa hivi, na jua linaukodolea macho tu. Watu walikuwa wanatoka Lindi kuja kuweka oda.

Shida ni vumbi. Karakana iko kwenye barabara ya malori yanayokwenda bandarini, na vanishi mbichi ikidondokewa na vumbi umeharibu mlango mzima, unaanza tena kupiga msasa. Kwa hiyo tulikuwa na chumba cha kupulizia. Tunaziba madirisha kwa magunia, tunamwaga maji sakafuni ili vumbi lilale, tunafunga mlango, tunapuliza. Ule ukungu wa vanishi ukishatoka kwenye bunduki ya kupulizia hauna pa kwenda. Unabaki humo na sisi. Tulikuwa watatu: mimi, Juma ambaye ni fundi wa siku nyingi, na Mjomba mwenyewe kazi ikiwa kubwa.

Usoni nilikuwa nafunga kipande cha khanga nimekilowesha maji. Juma alikuwa na barakoa ya kitambaa ya enzi za korona. Mask ya kweli ilikuwepo moja, ile yenye vikopo viwili pembeni, imetundikwa msumarini mle mle chumbani. Nilipouliza mbona haivaliwi Mjomba akasema inaleta joto, na anaitunza mkaguzi asije akakosa cha kuona. Imening'inia humo inakula ukungu miaka yote. Baadaye nimeambiwa mask ya hivyo hata ungeivaa isingekusaidia, vikopo vyake vimeshashiba zamani.

Halafu maziwa. Kila tukimaliza kupuliza, Mjomba anamwita mama wa maziwa, kila mtu nusu lita, na anatusimamia tunywe mpaka mwisho. "Maziwa yanashusha sumu," anasema, "ukinywa maziwa kifua kinasafishika." Alifundishwa hivyo na fundi wake, na fundi wake na fundi wake. Na alikuwa anatoa kwa moyo, mfanyakazi akiacha kidogo kwenye kikombe anakasirika kabisa. Mimi niliamini. Nilikuwa natoka humo macho yanachuruzika, koo linawasha, nakunywa nusu lita ya maziwa ya moto, najiona nimeshajitibu.

Kikohozi kilianza msimu wa salfa. Wasiokuwa wa huku, salfa ni ule unga wa njano wanaopulizia mikorosho. Wakati huo ukimwambia mtu yeyote wa Mtwara unakohoa, hakuulizi swali la pili. "Salfa hiyo," basi. Mimi mwenyewe nilisema salfa, ingawa nilikuwa mjini na shamba la Bibi liko Nanyamba.

Kilikuwa kikohozi cha jioni. Mchana napiga kazi, jua likishuka kifua kinaanza kufungwa kama mtu ananikaza mkanda, na ndani kuna filimbi. Wiki ya tatu nikashindwa kubeba ndoo kutoka bombani. Nikiiweka chini kupumzika, watoto wa jirani wananicheka: "Bibi Somoe, tukuletee mkongojo?" Mwanzoni na mimi nilikuwa nacheka.

Mara ya kwanza hospitali alinipeleka Mjomba. Tulikaa kwenye benchi la mbao kuanzia saa moja asubuhi mpaka karibu adhuhuri. Pembeni yangu alikuwa bibi mmoja katoka Kilambo, kaja na mguu umevimba, anaongea Kiswahili chenye Kimakonde ndani yake. Alinisikiliza ninavyohema, akamwambia Mjomba, "Wewe baba, ntoto huyu nnyanyue, nkalishe pale kwenye upepo." Mjomba akaninyanyua. Bibi akafungua kitambaa, akanimegea muhogo wa kuchemsha, akaniambia nitafune taratibu, njaa na kikohozi visikae pamoja. Sijamwona tena. Simjui jina. Lakini katika mwaka huu mzima ule muhogo naukumbuka kuliko dawa.

Dokta akaniuliza nafanya kazi gani. Kabla sijafungua mdomo Mjomba akasema, "Yuko nyumbani, anasaidia shamba. Salfa hiyo, dokta."

Dokta akaniangalia mimi.

Nikasema, "Ndiyo. Salfa."

Hapo ndipo nilipokosea, na sina wa kumlaumu. Nilikuwa na mdomo wangu. Lakini Mjomba alikuwa amekaa pale tangu asubuhi hajala, mkono wake uko mgongoni mwangu, nikaona vibaya. Dokta akaandika kwenye daftari langu: salfa. Akanipa pampu ya kuvuta na vidonge, akasema nipumzike wiki mbili.

Wiki mbili nikapumzika, nikawa mzima. Nikarudi karakana. Siku ya pili kikohozi kikarudi.

Tuliendelea hivyo mpaka msimu wa korosho. Napumzika, napona, narudi, naanguka. Kila nikianguka naanguka vibaya kuliko mwanzo. Malori ya korosho yalivyozidi barabarani, vumbi likazidi, na Mjomba akaongeza magunia dirishani. Nilipunguziwa kazi. "Wewe usipulize, wewe kaa nje piga msasa." Nikakaa nje. Juma alipofungua mlango wa chumba kutoa fremu, ile harufu tamutamu ikanipita usoni mara moja tu, kama mtu kapita na manukato. Nikadondosha msasa. Nakumbuka mikono yangu imeshika kokoto na Juma anapiga kelele aitwe mtu wa bajaji. Nakumbuka midomo haina hisia. Mjomba alikimbia peku. Mwenyewe hajui kama niliona.

Nililazwa. Ile mashine ya dawa ya mvuke unafungwa usoni, inaunguruma kama friji bovu, na ukishaivuta mikono inatetemeka huwezi kushika kijiko. Mbavu ziliniuma kwa kukohoa mpaka nikawa nalala nimekaa. Mama alikuwa anakuja na beseni, ananishikia nisukutue, kwa sababu ile pampu ukivuta usiposukutua mdomo unaota utando mweupe. Nilikuwa namfokea. Maji ya moto sana, maji ya baridi sana, mbona umechelewa. Alikuwa ananishikia beseni tu.

Vidonge vikanivimbisha uso. Niliporudi nyumbani mashavu yamejaa, shingo imepotea, na watu wa mtaani wakafurahi.

"Nyie, Somoe kanawiri!"

"Hospitali gani hiyo wanalisha hivyo? Na mimi nikalazwe."

"Huyu kuna mtu anamlisha, subirini kadi ya harusi."

Nikawa nakaa ndani. Ni kitu cha ajabu kupongezwa kwa uso ambao sio wako.

Mvua zilipoanza nikalazwa tena, na safari hii sikuwa nimekwenda karakana. Mjomba alikuja nyumbani kunijulia hali jioni, katoka kazini moja kwa moja, kaniinamia anipe pole na shati lake la kazi. Lile shati, na ile harufu tamutamu. Nilimsukuma. Mama akanigombeza kwamba nimekosa adabu, na mimi nashindwa hata kusema.

Wodini alikuwepo nesi mmoja, Sista Agnes, mfupi, anatembea kama kachelewa basi. Ndiye aliyenionyesha kwamba pampu nilikuwa naivuta vibaya, dawa yote inaishia kwenye ulimi. Alichukua chupa ya maji ya nusu lita, akaitoboa kitako kwa mkasi wa moto, akachomeka pampu, akaniambia pulizia humo ndani kisha vuta polepole kwenye mdomo wa chupa. Chupa tupu ya maji! Usiku ule nililala.

Asubuhi yake akaja kubadilisha shuka, akaniuliza swali ambalo hakuna mtu alikuwa ameniuliza. Hakuuliza naugua lini. Aliuliza, "Siku gani unakuwa mzima kabisa?"

Nikamwambia sijui. Akasema, "Huna haraka ya kwenda popote, fikiri."

Nikafikiri. Siku za Jumapili, hasa jioni. Idd, siku nne zote. Na matanga ya babu yangu mdogo, Nanyamba, wiki nzima, mwaka jana. Nikakwama hapo. Kwa sababu wiki ile ya matanga ilikuwa katikati ya salfa. Mashine zilikuwa zinanguruma kila shamba. Majani yalikuwa ya njano, khanga zetu tulizoanika zilikuwa za njano, tulikuwa tunafuta vikombe kabla ya kunywa chai. Macho yaliniwasha, ndiyo, kama ya kila mtu. Lakini nilibeba ndoo. Nilitwanga. Nilicheka na binamu zangu mpaka tukafukuzwa msibani. Niliogelea ndani ya salfa wiki nzima na kifua changu kilikuwa kimya.

Nikamwangalia Sista Agnes. Akasema, "Sasa nyumbani kwenu mjini kuna nini ambacho Nanyamba hakuna?"

Nilijua. Nikasema nitamwambia dokta. Sikumwambia. Nilitoka hospitali na daftari langu limeandikwa salfa.

Mtaniuliza kwa nini. Mama yangu anapanga chumba ambacho Mjomba ndiye aliyemtafutia. Wadogo zangu wawili wako shule kwa jina lake. Watu wa Lindi wanamsifu. Mimi niende nikaseme mbele ya watu kwamba milango yake ndiyo iliyoniharibu? Nikajiambia sitarudi karakana tu, nitatafuta sababu nyingine, na yataisha. Nilikaa nyumbani na kweli nikapona taratibu. Sasa hivi nabeba ndoo nusu. Vidonge nimeacha, uso umerudi, pampu navuta asubuhi na jioni. Nikadhani yameisha.

Wiki mbili zilizopita Juma alinitumia ujumbe. Alikuwa ananijulia hali, halafu akaandika, "Hivi na wewe ilianza kwa kukohoa jioni?" Nikampigia hapo hapo. Hakutaka kuongea. Nikamwambia Juma, ongea. Akasema jioni kifua kinafunga, mkewe anamwambia avute mvuke wa mkaratusi, na maziwa anakunywa lita nzima siku hizi. Nikamwambia apige picha kopo la hadina, lile dogo, pande zote, anitumie.

Hapa naona aibu kuandika, lakini ndiyo maana naandika. Karakana nzima, mwenye Kiingereza kidogo nilikuwa mimi. Kopo likija jipya, Mjomba ananipa, "Msomi, hebu tusomee vipimo." Nasoma vipimo: hadina moja, vanishi mbili. Basi, nafunga, tunaanza kazi. Sina subira ya kusoma maandishi madogo, sijawahi kuwa nayo. Nimelishika kopo lile mwaka mzima.

Picha zikaja. Nikakuza kwa vidole. Pale chini ya vipimo, vidole viwili tu chini yake, imeandikwa isipuliziwe kwenye chumba kilichofungwa. Imeandikwa mvuke wake unaweza kumfanya mtu apate pumu, na aliyeshapata asiikaribie kabisa, hata kidogo. Imeandikwa mpulizaji avae mask inayoletewa hewa safi kutoka nje, na glavu, na miwani. Maziwa hayajaandikwa popote. Nilisoma nimekaa kwenye ngazi ya jikoni, Mama anakuna nazi, nikasoma tena, nikamsomea na yeye kwa Kiswahili. Akaacha kukuna.

Ndiyo jana nikamwambia Mjomba. Nilimwonyesha na picha. Akaisogeza simu mbali na macho, akairudisha. "Hayo makampuni yanaandika hivyo kujikinga. Hata kwenye kiberiti wameandika hatari." Nikamwambia kuhusu Juma. Akasema Juma anavuta sigara. Nikamwambia tufungue madirisha, tupulizie nje nyuma, tujenge kibanda cha wavu kizuie vumbi, mimi nitasimamia kila kitu kwa mbali. Akasema nje kuna vumbi, kwani mimi nimesahau?

Halafu akasema taratibu, na hapo ndipo alipoonekana mzee: "Ukimwambia daktari ni karakana, wataandika. Wakiandika, watakuja. Wakija, watafunga. Milango hiyo ndiyo iliyokuvalisha sare, Somoe. Kama umeamua, amua. Lakini usije ukaniita mjomba halafu."

Akavaa kofia yake akaondoka. Kwenye kona akasimama kidogo, mkono kwenye ukuta wa jirani, kama mtu anayetafuta kitu mfukoni. Hakuwa anatafuta kitu. Nilikuwa namhesabia pumzi.

Mama akaja akakaa kwenye kile kiti. Nikadhani atanisema.

"Kaka yangu mimi simuwezi," akasema. "Tangu tukiwa wadogo. Lakini mimi beseni la pili silishiki. Sina mikono hiyo tena."

Halafu akauliza kliniki yangu ni lini. Nikamwambia keshokutwa.

Kama wewe unaugua hivi, ushauri wangu ni mmoja, mwingine sina. Zitafute siku ambazo uko mzima, uangalie siku hizo ulikuwa wapi. Halafu kopo unalolishika, lisome lote.

Na kuhusu kesho, nimeshaamua. Nitaamka alfajiri niwahi namba. Nitakwenda peke yangu, Mama nimemwambia abaki. Dokta akiniuliza kazi, nitataja kazi, na chumba, na magunia ya dirishani, na nitamwomba afute salfa kwenye daftari mbele yangu. Picha za kopo ninazo. Nitataja watu watatu: mimi, Juma, na Bakari kaka yake Mama, anayesema anachoka kwa sababu ya uzee. Nikitoka hapo nitapita karakana, sitaingia, nitasimama ng'ambo ya barabara upande upepo unakotokea, nitampigia Mjomba simu nimwambie nimeshasema. Namjua, atakata. Nitapiga tena.